Kituo cha Watoto na Mazingira: Uanze na Jiko, Nepi, Maji ya Mvua au Bustani?

Wenye vituo vya kulelea watoto mchana ninaokutana nao Dar es Salaam hawahitaji tena kushawishiwa kuhusu mazingira. Wameona mitaro ya mtaani ikiziba kwa pampasi masika yakifika, wanajua gunia la mkaa lilivyopanda bei, na wanakumbuka Oktoba 2022, maji ya mto Ruvu yalipopungua na jiji likaingia kwenye mgao. Kinachowakwamisha ni pa kuanzia. Ada ikishalipa mishahara, kodi ya nyumba, uji na chakula cha mchana, kinachobaki kinatosha jambo moja la maana kwa mwaka. Fedha hiyo ukiigawa kwenye mambo manne, yote manne yatafika nusu na kuachwa hapo.

Kwa hiyo nalinganisha njia nne ambazo kituo kidogo kinaweza kweli kuzifanya: kubadili nishati ya jikoni, kupunguza pampasi, kuvuna maji ya mvua, na kuanzisha bustani yenye mboji. Mfano wangu ni kituo cha kawaida cha mjini: nyumba ya kupanga, watoto 30, kumi kati yao bado wanavaa nepi, walezi watatu, mpishi mmoja, na uwanja mdogo wenye mwembe. Kama chako ni kikubwa au kidogo zaidi, badilisha hesabu, mantiki itabaki ileile.

Vigezo ninavyovitumia

Cha kwanza ni fedha, na hapa nina maana mbili: ya kuanzia na ya kila mwezi. Wengi huhesabu ya kwanza tu, kumbe ya pili ndiyo inayoua mipango.

Cha pili nimekipa jina la mikono. Nani atafanya kazi hii Jumatatu saa moja asubuhi, wazazi wamepanga foleni getini, mmoja analia, mwingine ametapika? Kama jibu ni "dada atafanya", muulize huyo dada kwanza. Kwa uzoefu wangu kigezo hiki kinaamua zaidi ya fedha.

Cha tatu ni afya na usalama wa watoto, na hiki kina kura ya turufu. Jambo zuri kwa mazingira linaloongeza kuhara au kuungua halina nafasi kituoni. Afisa ustawi wa jamii atakayekuja kukagua ataangalia jiko, choo na maji kabla ya kuangalia bango lako la mazingira, na atakuwa sahihi.

Cha nne ni faida ya kweli kwa mazingira, tofauti na ile ya picha. Cha tano ni kile mtoto anachokiona na kujifunza, maana mtoto wa miaka mitatu haelewi hotuba kuhusu misitu ila anaelewa alichokishika.

Njia ya kwanza: nishati ya jikoni

Hapa unahama kutoka mkaa au kuni kwenda gesi ya mtungi, umeme, au vyote viwili. Mchanganyiko ninaouona ukidumu ni gesi kwa uji, wali na mboga, na sufuria ya presha ya umeme kwa maharage, makande na nyama ngumu.

*Fedha.* Kwa gesi utanunua mtungi, regyuleta, mpira na jiko lenye miguu imara. Mtungi wa kilo 6 ni mdogo kwa watoto 30. Anza na wa kilo 15, na ufikirie wa kilo 38 ukishajua unatumia kiasi gani. Ili ujue, andika kwa chaki ubavuni mwa mtungi tarehe uliyoufunga. Baada ya mitungi miwili utakuwa na hesabu yako mwenyewe, isiyotegemea maneno ya muuzaji.

Umeme unaogopwa kuliko unavyostahili. Watu wanafikiria jiko la koili, ambalo kweli linakula uniti. Sufuria ya presha hukata umeme yenyewe ikishapata joto, na maharage yanaiva kwa pungufu ya uniti moja. Mteja wa kawaida wa LUKU analipa kama shilingi 356 kwa uniti, tozo zikiwamo. Weka kiasi hicho pembeni ya fedha ya mkaa unaochemsha maharage yaleyale asubuhi nzima, na uamue. Angalia tu ujazo: kwa vyakula vinavyovimba sufuria haitakiwi kupita nusu, kwa hiyo ya lita 6 inabeba kama kilo moja ya maharage. Watoto 30 watahitaji raundi mbili au sufuria kubwa zaidi.

*Mikono.* Kazi inapungua: hakuna kupuliza, kuzoa majivu wala kusugua masizi. Kinachohitajika ni ridhaa ya mpishi. Mtu mzima aliyepika kwa mkaa maisha yake yote hapaswi kukuta jiko jipya limewekwa tu. Mwambie, "Mama, naomba ulijaribu wiki hii, kisha uniambie linakusumbua wapi." Nimeona sufuria nzuri za presha zikikaa kabatini kwa sababu hakuna aliyesema sentensi hiyo.

*Afya na usalama.* Hapa njia hii inazipita nyingine tatu kwa mbali. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020, vikiwamo zaidi ya 237,000 vya watoto chini ya miaka mitano. Kwenye nyumba ya kupanga, jiko mara nyingi limepakana na chumba wanacholala watoto mchana, na dirisha la jiko linatazama uwanja wa kuchezea. Kwa walio Mbeya, Njombe au Arusha naongeza neno moja zito: jiko la mkaa lisiingizwe chumba cha watoto kwa ajili ya kuota, hata kama moshi umekwisha. Gesi sumu ya mkaa haina harufu wala rangi, na watoto waliolala hawaamki kulia.

Gesi ya mtungi nayo ina masharti yake. Ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja inatambaa sakafuni, hapohapo wanapotambaa watoto. Mtungi ukae nje ya ukuta, kwenye kibanda chenye matundu chini, mpira upite ukutani. Kila unapobadilisha mtungi paka povu la sabuni kwenye maungio. Likifanya mapovu, funga. Kwa sufuria ya presha hatari ni mvuke na waya unaoning'inia mezani.

*Mazingira.* Tanuru la kienyeji la udongo linameza kilo nyingi za mti, mara nyingi 5 hadi 10, kutoa kilo moja ya mkaa. Kwa hiyo kila gunia usilolinunua ni mti mwingi kuliko linavyoonekana mlangoni. Umeme wa gridi yetu unatoka zaidi kwenye maporomoko ya maji na gesi asilia. Serikali nayo imeshaonyesha inakoelekea: taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku zimetakiwa kuacha kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Kituo cha watoto 30 hakijaguswa na katazo hilo, lakini kinachokua kitakutana nalo njiani.

*Mtoto.* Anachojifunza ni kidogo. Jikoni haruhusiwi, na mabadiliko hayamfikii machoni.

Njia hii inamfaa mwenye kituo anayepika mwenyewe kila siku, hasa kama jiko liko ndani au limebanana na vyumba. Haina maana kwa kituo ambacho watoto wanakuja na chakula chao kutoka nyumbani.

Njia ya pili: kupunguza pampasi

Hili ndilo eneo ambalo nia njema huanguka haraka zaidi, kwa hiyo nitalikalia kidogo.

*Fedha.* Mtoto anayekaa kituoni kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni anabadilishwa mara tatu hadi nne. Watoto kumi ni pampasi 40 kwa siku, karibu 900 kwa mwezi wa kazi. Kwa kawaida zinanunuliwa na wazazi, kwa hiyo nafuu ya kuziacha inaingia mfukoni mwao, wakati gharama ya sabuni, maji na kamba za kuanikia inaingia kwako. Panga mapema nani analipa nini, tena kwa maandishi. Idadi ya nepi za kitambaa isiwe 40 tu. Masika nguo zinaweza kulala kambani siku mbili, kwa hiyo hesabu zamu tatu, yaani nepi kama 120.

*Mikono.* Kufua nepi 40 kwa mkono na kuzisuuza vizuri, ukikadiria lita 3 hadi 4 kwa kila moja, ni lita 120 hadi 160 na zaidi ya nusu ya asubuhi ya mtu mmoja. Kama walezi wako ni watatu, huyo mtu hayupo. Unamwajiri, au unachagua utaratibu mwepesi zaidi: kila mtoto anakuja na mfuko wake wenye nepi safi, chafu zinaondolewa kinyesi chooni, zinafungwa kwenye mfuko usiopitisha maji, na mzazi anaondoka nazo jioni. Wazazi wengine watakubali. Wengine watakuambia, "Mwalimu, mimi nafika nyumbani saa mbili usiku, nifue saa ngapi?" Hilo ni swali la haki na lisijibiwe kwa somo la mazingira.

*Afya na usalama.* Sharti la kwanza halina mjadala: anayebadilisha nepi na anayepika wasiwe mtu mmoja. Kama kituo chako kina dada mmoja anayefanya yote mawili, acha nepi za kitambaa, endelea na pampasi, na uwekeze kwenye sabuni na maji ya kunawia. Kuhara kwenye chumba cha watoto wachanga kunasambaa kwa siku moja.

Sharti la pili wengi hawalijui. Kuna nzi wa Afrika anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, hasa zenye harufu ya mkojo, na kwenye mchanga wa kivulini. Yakianguliwa, buu linajipenyeza kwenye ngozi na kufanya kitu kama jipu lenye tundu dogo katikati. Kwa mtoto linatokea matakoni na kiunoni, palepale nepi inapokaa. Kwa hiyo nepi zianikwe kwenye jua kali, juu ya kamba, kamwe zisitandazwe kwenye majani wala chini ya mwembe, na zipigwe pasi pande zote mbili hadi kwenye pindo. Kipindi cha mvua, umeme ukikatika na pasi ikashindikana, tumia pampasi siku hiyo bila kujilaumu.

*Mazingira.* Watu wanadhani jibu liko wazi. Tathmini iliyotolewa Uingereza mwaka 2008 ilikuta pengo dogo: takriban kilo 550 za gesi joto kwa mtoto wa pampasi hadi afike miaka miwili na nusu, na kilo 570 kwa wa nepi za kitambaa, kwa mazoea ya kawaida ya kufua ya Waingereza. Tathmini mpya ya 2023 iliipa nepi ya kitambaa nafuu ya karibu robo. Mzigo mkubwa wa nepi za kitambaa ulikuwa umeme wa mashine za kufulia na kukaushia. Sisi tunafua kwa mkono na kukausha kwa jua, kwa hiyo tuna nafasi ya kufanya vizuri kuliko wao, isipokuwa kama kila jioni tunachemsha nepi kwenye sufuria juu ya mkaa. Hapo tunarudisha hasara yote.

Lakini kwa Dar hoja ya gesi joto siyo yenye uzito zaidi. Uzito uko kwenye mtaro. Pampasi iliyotupwa inafyonza maji, inavimba, inaziba, na mvua kubwa inarudisha maji machafu majumbani mwa watu. Ikichomwa nyuma ya nyumba, moshi wa plastiki unaingia kwa watoto walewale uliotaka kuwalinda. Kama unabaki na pampasi, jambo la maana kuliko yote ni zifike dampo: pipa lenye mfuniko, na mzoa taka unayemjua na kumlipa kwa wakati.

*Mtoto.* Mkubwa anaona kamba ya nepi nyeupe juani na anaelewa kwamba kitu kinafuliwa na kurudi. Faida kubwa iko kwa mdogo mwenyewe, maana kwenye kitambaa anahisi amelowa, na walezi wengi wanaona anazoea poti mapema. Ratiba ya poti kwa watoto wa mwaka mmoja na nusu kuendelea, baada ya uji na kabla ya kulala, inapunguza taka bila kununua chochote.

Njia hii inakifaa kituo chenye maji ya uhakika, uwanja wenye jua, mtu wa kufua asiyegusa chakula, na wazazi ambao tayari wanauliza kuhusu nepi za kitambaa. Kwa wengine ushauri wangu ni nusu yake: poti, na utupaji sahihi.

Njia ya tatu: maji ya mvua

*Fedha.* Matangi, mifereji ya bati au plastiki, na msingi wa zege wa kubeba tangi. Huo msingi usiukatie kona: lita 5,000 ni tani tano, na tangi linaloinama karibu na watoto ni balaa. Baada ya hapo gharama ya mwezi karibu haipo.

Hesabu ni rahisi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Dar inapata kama milimita 1,100 kwa mwaka, nyingi zikija masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Paa la mita za mraba 80, ukiondoa moja ya tano inayopotea, linaweza kutoa lita 70,000 kwa mwaka. Namba hiyo inapendeza kwenye karatasi. Sasa tazama matumizi: watoto 30, kila mmoja lita 15 kwa siku za kunawa, choo na usafi, ni lita 450. Tangi la lita 5,000 linaisha ndani ya siku 11 za kazi. Kinachokubana ni tangi, paa lina ziada. Mvua tatu nzuri za milimita 30 zinalijaza hadi kumwagika, na baada ya hapo kila tone linakwenda barabarani. Kwa hiyo tangi moja litakupunguzia boza na ankara kipindi cha mvua, na kukuokoa wiki mbili za mgao. Halitakuvusha Juni hadi Septemba. Dodoma, yenye mvua kama milimita 570 na msimu mmoja, hesabu inabana zaidi. Bukoba ni kinyume chake.

*Mikono.* Kazi ni ya msimu. Kabla ya masika mtu apande kusafisha mifereji, na kama una mwembe juu ya paa, apande tena katikati. Kila mvua ya kwanza baada ya ukame, maji yake ya mwanzo yatupwe.

*Afya na usalama.* Sababu ya kuyatupa inakaa juu ya paa: kunguru. Jiji letu limejaa kunguru na vinyesi vyao vyote viko kwenye bati. Tupa milimita moja au mbili za mwanzo, yaani lita 80 hadi 160 kwa paa hilo, kwa bomba la pembeni kabla maji hayajaingia tangini. Maji haya yawe ya kunawa, choo, usafi na bustani. Ya kunywa na ya kupikia yachemshwe au yatibiwe, na kama paa ni la asbesto au rangi yake inabanduka, yasifike jikoni kabisa.

Halafu mbu. Yule wa dengi, aliyetusumbua Dar mwaka 2014 na 2019, anapenda maji safi yaliyotulia karibu na watu na anauma mchana, saa ambazo watoto wako kwako. Kila tundu la tangi liwe na wavu. Madumu na ndoo chini ya mfereji ni hatari mara mbili, kwa kuwa mtoto anayetambaa anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita chache. Tangi liwe na mfuniko unaofungwa, au usianze.

*Mazingira.* Faida ipo ila ni ya kiasi. Unapunguza kuchimba kisima kingine kwenye mwambao ambao visima vingi vimeshakuwa vya chumvi, na kidogo unapunguza mafuriko ya uwanjani kwako.

*Mtoto.* Inafundisha vizuri ukitaka ifundishe. Weka mrija unaoonyesha kina cha maji ubavuni mwa tangi na mchore mistari ya rangi. Watoto wa miaka minne watakimbia kuangalia asubuhi baada ya mvua, na watasema wenyewe maji yamefika kwenye nyekundu.

Inamfaa mwenye nyumba yake, au mpangaji mwenye mkataba mrefu, kwenye eneo la mgao wa mara kwa mara au la maji ya boza.

Njia ya nne: bustani na mboji

*Fedha.* Ndogo kuliko zote. Magunia, udongo, samadi iliyooza, mbegu za mchicha na kunde, na pipa moja la plastiki lililotobolewa.

*Mikono.* Dakika 20 kwa siku, ila ni kila siku, hata likizo ya Desemba. Bustani nyingi za vituo hufa Desemba. Kabla ya kuotesha, mtafute jirani au mlinzi wa kumwagilia.

*Afya na usalama.* Pipa liwe na mfuniko, ndani uweke kapu moja la maganda na mabaki ya mboga kwa makapu mawili ya majani makavu ya mwembe. Ugali, nyama na samaki visiingie, vinaita panya, na panya wanaita nyoka. Lundo la wazi kwenye kona ya uwanja sikubaliani nalo kwenye kituo cha watoto. Kama kiwanja kilikuwa gereji, otesha kwenye magunia yenye udongo ulioletwa kutoka kwingine. Na kagua uzio: mnyaa una utomvu mweupe unaochoma macho vibaya, na mbegu za mbono kaburi na mbarika zina sumu. Miti hii imejaa kwenye uzio wa mitaa yetu, na mbegu zake zinavutia mikono midogo.

*Mazingira.* Tuseme ukweli, kilo za taka utakazookoa ni chache. Lakini sehemu kubwa ya taka za majumbani Dar ni zile za kuoza, na kuzitenga kituoni kunapunguza uzito, harufu na inzi kwenye pipa linalomsubiri mzoa taka.

*Mtoto.* Hapa hakuna njia inayoikaribia. Kunde iliyopandwa kwenye joto la Dar, siku ya nne au ya tano inapasua udongo shingo ikiwa imejikunja, kisha inanyooka na kufungua majani mawili mazito. Mtoto aliyeipanda atachuchumaa hapo na kuita kila mtu. Mchicha unavunwa ndani ya wiki tatu hadi nne, muda ambao mtoto mdogo anaweza kuusubiri bila kusahau. Watoto wanaokataa mboga nyumbani wanakula waliyoichuma wenyewe. Wazazi wataulizia mmefanyaje. Na ukifungua pipa la mboji baada ya miezi miwili au mitatu, ganda la ndizi waliloliweka halipo, kuna udongo mweusi na minyoo. Kwa umri huo sijui somo bora zaidi kuhusu taka.

Inamfaa karibu kila mtu mwenye jua na mlezi mmoja anayependa mimea kwa moyo. Bila huyo mlezi utabaki na magunia ya magugu.

Kwa hali yako

Njia hizi zinategemeana. Nepi za kitambaa na bustani vinakula maji, kwa hiyo penye shida ya maji tangi linatangulia. Jiko halimtegemei mwenzake yeyote.

Kama unapika kwa mkaa na watoto wanalala au kucheza hatua chache kutoka jikoni, anza na jiko, hata kama wazazi hawataliona na hakuna picha ya kutuma kwenye kundi la WhatsApp. Fedha ikitosha kimoja tu, nunua gesi ya kilo 15 mwaka huu na sufuria ya presha mwakani.

Kama tayari unatumia gesi, na bomba linatoa maji siku mbili kwa wiki, anza na tangi, tena ukiwa na mkataba wa nyumba wa miaka angalau mitatu. Panga ujenzi Agosti au Septemba ili vuli ikukute tayari.

Kama wengi wa watoto wako ni chini ya miaka miwili na pipa la taka linafurika pampasi, anza na poti na mzoa taka wa uhakika. Nepi za kitambaa zijaribu na wazazi watatu au wanne walio tayari, kwa mtindo wa mfuko kurudi nyumbani, wakati wa kiangazi. Masika si msimu wa majaribio hayo.

Kama umepanga na mwenye nyumba hataki kuona mfereji wala tundu ukutani, chagua vinavyohamishika: sufuria ya presha na bustani ya magunia. Mtungi wa gesi usiokuwa na kibanda nje usiuweke chumbani kwa kisingizio cha mwenye nyumba.

Kama watoto wako wengi wana miaka mitatu hadi mitano na wanaleta chakula chao, bustani na mboji ndipo mahali pako, na wazazi waombwe kufungasha kwenye vyombo vinavyorudi nyumbani.

Na kama mwaka huu hakuna hata shilingi ya ziada, yapo ya kuanza wiki hii. Loweka maharage usiku, yanaiva haraka kwa jiko lolote. Funika sufuria. Uji ukishachemka, hamishia sufuria yake iliyofunikwa kwenye kapu lililojazwa matambara, umalizikie humo. Weka watoto kwenye poti kwa ratiba. Tenga ndoo mbili za taka, ya maganda na ya vingine, na umtafute jirani mwenye shamba au mbuzi wa kuchukua ile ya kwanza.